Kompyuta Ndogo au Desktopu ya Kuunga Mwenyewe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni ya mtu wa Dar es Salaam anayetaka kompyuta ya kukaa nyumbani, lakini hajaamua kama anunue kiboksi kidogo kilichokamilika au anunue vipande aviunge mwenyewe. Laptopu hazimo.

Nianzie wapi: ninunue au niunge?

Anzia kwenye kadi ya grafiki, yaani kipande cha kuchakata picha nzito. Kama kazi yako haihitaji kadi ya grafiki, nunua kompyuta ndogo, kwa sababu kwa pesa ileile huwezi kuunga kitu cha kuifikia. Kama inahitaji (gemu nzito, video za 4K, Blender, michoro ya 3D), unga. Umeme, joto na nafasi ya mezani vitakusaidia kuchagua mashine gani hasa, ila jibu la kwanza linatoka hapo.

Wengi huumia kwa kukaa katikati. Mtu ana laki sita, anaunga desktopu isiyo na kadi kwa matumaini kwamba ataiongeza mbeleni, anabana kwenye pawa saplai, anabana kwenye SSD (diski ya kuhifadhia). Mwaka unapita, kadi haijanunuliwa, na mashine yake inazidiwa na kiboksi cha ofisini cha mtumba ambacho kingemgharimu pungufu ya hapo.

Kompyuta ndogo ni ipi hasa?

Sokoni kuna familia tatu, na muuzaji anaweza kukuchanganyia zote kwenye sentensi moja.

Ya kwanza ni za maofisi zilizotumika: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk na ProDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny. Upana wake ni kama sentimita 18 kila upande na unene sentimita tatu na nusu hivi, na hutumia chaja ya nje kama ya laptopu. Zilitumika kwenye makampuni ya Ulaya, Marekani na Ghuba, zikaondolewa kwa mpigo, zikaja hapa kwa wingi.

Ya pili ni mpya kutoka China: Beelink, GMKtec, Minisforum na wenzao. Humo utakuta prosesa za bei ya chini kama Intel N100, au Ryzen zenye nguvu kweli.

Ya tatu ni Mac mini, tutaigusa chini.

Kuna na kasha la wastani linaloitwa SFF, jembamba, ukubwa wa deki ya zamani. Hilo halihesabiwi kuwa dogo, ila lina faida zake.

Jambo moja la lugha: mjini hapa kasha zima huitwa CPU. Ukiingia dukani ukasema unataka CPU, utaletewa kasha. Kile kipande cha ndani kiite prosesa, mtaelewana.

Kwa nini kila mtu anasema "kizazi cha nane kwenda juu"?

Kwa sababu ya Windows. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka). Ukinunua i5-6500T au i5-7500T leo unanunua mashine ambayo Windows 11 itaingia kwa kulazimishwa tu. Ndiyo maana hizo zinauzwa bei ya kutupwa.

Kusoma kizazi ni rahisi. Tazama tarakimu zinazofuata kistari: i5-8500T ni kizazi cha 8, i5-10500T ni cha 10. Herufi T maana yake imebanwa ile wati 35, ndiyo inayotumika kwenye viboksi vidogo. Usikubali maelezo ya "hii ni Core i7" yakaishia hapo. i7 ya kizazi cha 4 inapigwa na i3 ya kizazi cha 10 bila jasho.

Kwa majina ya mashine: Dell tafuta OptiPlex 3060, 5060, 7060 au zaidi. HP tafuta G4 kwenda juu, Lenovo M720q au M920q kwenda juu. Kwa AMD kuwa makini na Ryzen 5 PRO 2400GE: namba inaonekana kubwa lakini haimo kwenye orodha ya Windows 11.

Kama badala ya Windows utaweka Ubuntu au Linux Mint, sharti hili halikuhusu, na hizo za kizazi cha 6 zinakuwa za bei poa kweli.

Nikiwa dukani Kariakoo, niikague vipi?

Nenda na flashi yenye Ubuntu ya kuwasha bila kusakinisha, na usikubali kukaguliwa kwa macho tu. Dakika ishirini zinatosha:

1. Kabla ya kuwasha, geuza mashine usome lebo. Dell ina Service Tag ya herufi na namba saba. Iingize kwenye tovuti ya Dell uone ilitoka kiwandani na nini ndani. Kama karatasi ya kiwanda inasema i3 na muuzaji anasema i5, muulize nani alibadilisha.

2. Ingia BIOS, menyu ya mipangilio ya mashine inayokuja kabla ya Windows: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo. Ikidai nenosiri, rudisha. Wapo watakaokuambia fundi atalitoa kesho. Kwenye baadhi ya bodi za ofisini nenosiri la BIOS halitoki kwa kuchomoa betri, na hutaweza hata kuwasha kwa flashi.

3. Tazama saa na tarehe humohumo. Ikiwa inarudi miaka ya nyuma kila ukichomoa umeme, betri ya CR2032 imekufa. Ni kitu cha bei ndogo, ila tumia kupunguziwa.

4. Ikiwaka kwenye Windows, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, fungua upande wa Performance. Utaona jina kamili la prosesa, RAM na idadi ya sloti zilizotumika. Kisha andika tpm.msc kwenye utafutaji, iseme 2.0.

5. Fungua programu ya CrystalDiskInfo uone afya ya SSD na saa ilizofanya kazi. Asilimia 90 na saa 8,000 ni sawa. Asilimia 60 idaiwe punguzo. SSD ya jina usilolijua yenye saa 3 maana yake imewekwa jana: nakili faili kubwa la giga 10 hadi 20 uangalie kasi. Ikianza vizuri halafu ikashuka chini ya megabaiti 30 kwa sekunde, ni ya hali duni.

6. Chomeka flashi kwenye kila tundu la USB, la mbele na la nyuma. Usiruke hata moja.

7. Cheza video ya YouTube ya 1080p huku umefungua programu ya kupima joto, kwa mfano HWiNFO, kwa dakika kumi. Prosesa hizi huvumilia hadi nyuzi 100 kabla ya kujibana, lakini ikifika 90 kwa video tu, pesti ya juu ya prosesa imekauka au feni imejaa vumbi.

8. Uliza kuhusu Wi-Fi. Nyingi za ofisini zilitoka kiwandani bila kadi ya Wi-Fi, na mnunuzi hugundua akifika nyumbani anataka kuunganisha hotspoti ya simu. Kadi ipo, lakini inahitaji na antena zake mbili ndani ya kasha.

Mwisho dai risiti ya EFD yenye jina la mashine na namba yake. Risiti ya mkono haitakusaidia mkibishana.

Skrini yangu ina HDMI tu, mashine ina tundu jingine. Ni tatizo?

Si tatizo. Tundu hilo ni DisplayPort, linafanana na HDMI ila kona moja imekatwa. Nunua waya au kichwa cha kutoka DisplayPort kwenda HDMI. Mwelekeo ni muhimu: waya wa kawaida wa DisplayPort kwenda HDMI haufanyi kazi ukigeuzwa.

Muuzaji hana chaja yake halisi, ananipa "inayofanana". Nichukue?

Usichukue kabla ya kujaribu. Chaja ya Dell ina kipini katikati kinachoiambia mashine kwamba hii ni chaja ya wati fulani. Chaja feki haina taarifa hiyo, hivyo mashine huwaka na kukuonya kwamba haiitambui, halafu inajibana na prosesa inatambaa. Mtu anapeleka kwa fundi akidhani ina virusi. HP hutumia kichwa cha duara chembamba, Lenovo kichwa cha mstatili, kwa hiyo usitegemee chaja ya mmoja kwa mashine ya mwingine. Soma volti na wati kwenye chaja: 19.5 au 20, wati 65 kwa prosesa za T, na 90 kwa zile zenye nguvu zaidi.

N100 mpya au i5-8500T ya mtumba?

Inategemea unachokichoka haraka. N100 ina kori nne na imekadiriwa wati 6, ni kimya, ina dhamana kama duka ni la kweli, na hucheza video za mtindo mpya wa AV1 bila kutumia nguvu. Lakini RAM yake inapita njia moja tu, na nyingi zina sloti moja. i5-8500T ina kori sita, sloti mbili za RAM ya laptopu aina ya DDR4, na kwenye kazi nzito kama Excel kubwa au tabo thelathini inaiacha N100.

Kwa mtoto wa sekondari, kwa televisheni ya sebuleni, kwa mtandao na Word: N100. Kwa kazi ya kipato: i5. Na ukichukua i5 yenye fimbo moja ya RAM, ongeza ya pili. Fimbo mbili za GB 8 zinaipa grafiki ya ndani kasi kubwa zaidi kuliko fimbo moja ya GB 16.

Kompyuta ndogo itafanya kazi zangu?

Uhasibu, mifumo ya TRA, Zoom, Word, Canva, uandishi wa programu, Photoshop ya kawaida: ndiyo, ikiwa na GB 16 za RAM na SSD. GB 8 zinatosha kuanzia lakini Chrome itakusuta.

AutoCAD ya ramani bapa: ndiyo. Revit na 3D: hapana.

Kuhariri video za simu za 1080p kwa CapCut au DaVinci: ya kwanza ndiyo, ya pili itakukera.

Gemu: za zamani, kwa mipangilio ya chini. Kompyuta ndogo mpya zenye Ryzen 7 na grafiki ya Radeon 780M ni habari nyingine. Hizo hucheza gemu nyingi kwa 1080p, ila bei yake imeshakaribia ile ya desktopu ya kuunga.

Nimeamua kuunga. Ninunue vipande gani?

Kwa gemu na video, mpango usio na mbwembwe ni huu:

Prosesa Ryzen 5 5600 au Intel i5-12400F. Herufi F maana yake haina grafiki ya ndani, na Ryzen 5 5600 pia haina. Bila kadi ya grafiki skrini haitawaka kabisa. Kama kadi utainunua baadaye, chukua 5600G au i5-12400 isiyo na F, uanze nayo.

Madabodi (bodi kuu) B550 kwa Ryzen hizo, B660 au B760 kwa Intel. B450 inafanya kazi pia, ila ya zamani inahitaji BIOS isasishwe ndipo itambue Ryzen za mfululizo wa 5000, na bila prosesa ya zamani huwezi kuisasisha, isipokuwa bodi yenye kitufe cha kusasishia BIOS bila prosesa. Muulize muuzaji kabla hujalipa. Kwa Intel, angalia kama bodi ni ya DDR4 au DDR5, maana bodi zenye jina linalokaribiana hutofautiana hapo na RAM haziingiliani.

RAM GB 16, fimbo mbili. DDR4 ya 3200.

SSD ya NVMe ya GB 500 au TB 1. Hakikisha lebo inasema NVMe; kuna za umbo hilohilo, M.2, lakini ni SATA, aina ya polepole.

Kadi: Radeon RX 6600 inakula wati 132 na inatosha kwa 1080p. RTX 3060 ya GB 12 inakula 170 na ni bora kwa Blender na kuhariri, kwa sababu programu nyingi zinapendelea Nvidia.

Pawa saplai wati 550, yenye alama ya ufanisi ya 80 Plus Bronze, jina linalojulikana. Kasha la Micro ATX lenye wavu mbele. Kioo mbele ni cha kupigia picha, hakipitishi hewa.

Kasha limekuja na pawa saplai ya "600W" ndani. Si imeniokolea pesa?

Igeuze usome jedwali lililobandikwa ubavuni, ukatafute mstari wa +12V. Prosesa na kadi hula karibu kila kitu kutoka hapo. Zidisha volti 12 kwa ampea zilizoandikwa. Ukikuta 18A, hesabu ni 12 mara 18, wati 216. Hiyo ndiyo nguvu yako, na 600 ya kwenye boksi ni mapambo. Pawa saplai halisi ya wati 550 huandika 12V kuanzia 40A hivi kwenda juu. Dalili nyingine ni uzito: ya kweli ina koili na vipoozeo vya alumini, ukiishika unahisi. Nyepesi kama boksi la chaki iache.

Na kama umepata ya mtumba kutoka Marekani yenye kiswichi chekundu nyuma, hakikisha kinasoma 230 kabla ya kuchomeka. Ikiwa kwenye 115 na umeme wetu ni volti 230, utasikia mlio mmoja tu.

Kuunga kwenyewe ni kugumu? Wapi watu wanakosea?

Kunahitaji bisibisi ya nyota moja, meza safi, na mchana mmoja usio na haraka. Gusa kitu cha chuma kabla ya kushika bodi, na usifanyie kazi juu ya zulia.

Weka madabodi juu ya boksi lake la kadibodi. Fungua lachi ya prosesa, linganisha pembetatu ya dhahabu ya kwenye kona na ya kwenye soketi, iachie prosesa ikae yenyewe kwa uzito wake. Usiisukume. Kwa Ryzen za soketi ya AM4, kama hiyo 5600, vipini viko chini ya prosesa na vikipinda hunyooshwa kwa kisu chembamba kwa subira. Kwa Intel vipini viko kwenye bodi, na vikipinda bodi imekwenda.

RAM iingie sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Bonyeza mpaka usikie klik. Kisha SSD, kisha kipoozeo. Hapo kuna kosa maarufu: kipoozeo ulichokinunua peke yake huja na plastiki nyembamba chini yake, na mtu anakifunga nayo. Kile kinachokuja ndani ya boksi la Ryzen kimeshapakwa pesti, usiipanguse wala kuongeza nyingine.

Kabla bodi haijaingia kasha, funga vile viguzo vya shaba mahali pake kamili. Kiguzo cha ziada kinachogusa mgongo wa bodi huleta shoti. Bamba la matundu ya nyuma litangulie kuingia, wengi hulikumbuka bodi ikishafungwa.

Nyaya mbili za umeme, si moja: ile pana ya vipini 24, na ya vipini 8 iliyoko juu karibu na prosesa. Hii ya pili ndiyo husahauliwa. Nyaya ndogo za kitufe cha kuwashia zifuate mchoro wa kitabu cha bodi, usikisie.

Feni zinazunguka, skrini nyeusi. Nimeua?

Pengine hapana. Fuata mpangilio huu. Waya wa skrini uko kwenye kadi ya grafiki au umeuchomeka kwenye bodi? Hamishia kwenye kadi. Waya wa vipini 8 wa prosesa upo? Waya wa umeme wa kadi yenyewe je? Chomoa RAM zote, weka fimbo moja sloti ya pili. Bado? Jaribu fimbo nyingine. Bodi nyingi zina vitaa vidogo vya CPU, DRAM, VGA na BOOT. Kinachobaki kimewaka ndicho kinachokuambia pa kushika.

Kwa bodi za soketi mpya ya Ryzen, AM5, zenye DDR5, ngoja. Mara ya kwanza mashine huipima RAM, na inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa. Anayezima na kuwasha kwa hofu anaianzisha upya kila mara.

Itakula LUKU kiasi gani?

Hesabu ni wati mara saa, gawanya kwa 1,000, upate uniti. Chukua uniti ya shilingi 356 kwa mteja wa kawaida wa T1, pamoja na kodi.

Kompyuta ndogo kwa kazi za ofisi hula wastani wa wati 15. Saa nane kwa siku, siku 30: uniti 3.6, kama shilingi 1,280. Desktopu yenye kadi, kwa kazi hizohizo, hula kama wati 60: uniti 14.4, zaidi ya shilingi 5,100. Ukicheza gemu saa tatu kila siku kwa wati 250, ongeza uniti 22.5, yaani shilingi 8,000 hivi. Skrini ina hesabu yake, ya inchi 24 kama wati 20.

Aliye kwenye D1, kundi la watumiaji wadogo wa nyumbani, ajihadhari zaidi. Uniti zake 75 za bei ya chini kwa mwezi zinaisha haraka nyumba yenye friji ikiongezewa desktopu ya gemu, na kila uniti inayozidi hapo inahesabiwa kwa bei ya juu.

Umeme ukikatika?

Hapa ndipo kiboksi kidogo kinapojilipa. UPS ya kawaida ya 650VA ina betri moja ya volti 12, Ah 7, yaani saa-wati 84 kwa karatasi. Nusu yake hupotea kwenye ubadilishaji na umri wa betri. Bado inaweza kushika kiboksi na skrini kwa karibu saa nzima, muda wa kumaliza kazi na kuituma. UPS hiyohiyo kwa desktopu iliyo katikati ya gemu ni dakika chache tu za kuhifadhi na kuzima, tena huenda ikalia ikazima hapohapo kwa sababu uwezo wake halisi ni kama wati 360.

Kinachoua vifaa mara nyingi ni umeme unaporudi, unapokuja na mruko. Usiuamini mkebe wa eksitensheni ya bei chee ulioandikwa tu "surge". Fundi umeme akague kama soketi yako ina ethi ya kweli. Ukigusa kasha la chuma ukahisi mtetemo kwenye vidole, ethi haipo. Printa ya leza isichomekwe kwenye UPS, huvuta umeme mwingi kwa mkupuo.

Betri ya UPS ni ya miaka miwili hadi mitatu. Baada ya hapo ibadilishe betri tu.

Joto na chumvi ya bahari vinaathiri?

Sana. Kuanzia Desemba hadi Machi chumba kisicho na kiyoyozi hupita nyuzi 30 mchana, na joto la ndani ya mashine linaanzia hapo. Kiboksi kidogo kina feni moja na tundu dogo. Kikifungwa nyuma ya TV iliyobanwa ukutani, kinajipumulia hewa yake. Acha sentimita kumi kila upande, na usikilaze juu ya kitambaa cha meza.

Kwa anayekaa Kigamboni, Msasani au Mbezi Beach karibu na maji, hewa ya chumvi hula vipini na skrubu. Mashine inayowashwa kila siku hukaa kavu kuliko iliyofunikwa kwenye kona miezi mitatu, kwa hiyo mfuniko wa kitambaa hausaidii unavyodhani. Usiiweke chini ya dirisha la nondo na wavu, wala chini ya kiyoyozi kinachodondosha.

Vumbi: kila miezi mitatu, mashine ikiwa imechomolewa, puliza kwa blowa huku umezuia feni kwa kidole isizunguke. Feni ikizungushwa kwa upepo mkali inaharibika bearingi. Mkiwa na sisimizi ndani ya nyumba, inua kasha kutoka sakafuni; wanapenda joto lake.

Vipi SFF ya mtumba na kadi ndogo ya grafiki?

Ni njia ya kati inayokubalika, pengine pekee. OptiPlex au EliteDesk SFF ya kizazi cha 8 au zaidi, na kadi fupi isiyohitaji waya wa umeme, kwa mfano GTX 1650 ya umbo fupi au RTX 3050 ya GB 6 ya umbo fupi. Zingatia mawili. Pawa saplai ya ndani ni ya wati 180 hadi 260 na umbo lake ni la mtengenezaji mwenyewe, hubadilishi kwa ya kawaida. Na kwenye baadhi ya makasha sloti ndefu imekaa ubavuni mwa pawa saplai, kadi nene haipiti. Pima kwa rula kabla ya kununua kadi.

Bei ya RAM imepanda au wananipiga?

Imepanda dunia nzima. Tangu miezi ya mwisho ya 2025 watengenezaji wakubwa wanaelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili unde, na Desemba mwaka huo Micron ilitangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya rejareja. Hali hii inaipa kompyuta ndogo ya mtumba nguvu zaidi: inakuja na RAM yake ndani. Ukikuta mashine mbili zenye tofauti ya elfu hamsini, moja GB 8 na nyingine GB 16, chukua ya 16 bila kufikiri sana.

Windows ni ya kulipia?

Mashine za ofisini zilizokuja na Windows 10 Pro au 11 Pro zina leseni ndani ya bodi. Sakinisha upya na leseni itajithibitisha yenyewe ikipata intaneti. Ya kuunga haina kitu, unanunua leseni au unaweka Linux. Zile funguo za elfu kumi za mitandaoni hufungwa siku yoyote.

Niagize China mwenyewe?

Kiboksi kidogo na prosesa, inawezekana: vyepesi, mawakala wa ndege hutoza kwa kilo. Kasha na pawa saplai nunua hapa, ujazo wake unakula faida yote. Hesabu VAT ya asilimia 18 na tozo za wakala kabla ya kufurahia bei ya mtandaoni. Kikiharibika, dhamana yako iko Shenzhen. Mashine nyingi huuzwa pia bila RAM wala SSD na bei huonekana nzuri kwa sababu hiyo. Soma chaguo uliyobonyeza.

Mac mini?

Ya M4 ya mwaka 2024 ni sentimita 12.7 kila upande, inaanza na GB 16, inakula umeme kidogo na ni kali kwa video na muziki. RAM yake haiongezwi kamwe, hivyo nunua utakayoihitaji miaka mitano. Kama mfumo wa uhasibu wa ofisi yako unafanya kazi Windows tu, iache.

Nitaisafirishaje mpaka nyumbani?

Kiboksi kinaingia kwenye begi. Desktopu iliyoungwa, kabla ya kupanda bajaji, ivuliwe kadi ya grafiki na kipoozeo kama ni kirefu, kila kimoja kwenye boksi lake. Matuta ya barabarani hukata sloti ya bodi kwa uzito wa kadi. Kasha lilazwe ubavu, bodi ikitazama juu, si kusimama. Ukifika, lisubiri nusu saa kama lilikuwa kwenye kiyoyozi cha duka, unyevu ukauke ndani, kisha ndipo uchomeke.